Pango Lisilo na Dini

Jumapili, 8 Desemba

Leo nimepata wito. Si wa upadri, huo ulinipita kitambo. Wito wa pango.

Padri Lutengano ametangaza baada ya misa: mwaka huu kila jumuiya ndogo ndogo ijenge pango la Noeli, na lijengwe mahali wapita njia wanapoliona, si nyuma ya jiko la mtu. Jumuiya itakayoshinda ndiyo itakayotoa Mtoto Yesu wa maandamano ya mkesha, na mtu wake ndiye atakayembeba mpaka altareni.

Nikamtazama mke wangu Rozalia upande wa kina mama. Ameinamisha kichwa. Najua alichokuwa anawaza. Marehemu baba yake alichonga Mtoto Yesu wa mninga, mzuri kuliko watoto wengi wa kuzaliwa, sikio moja tu limemeguka kidogo. Tangu mzee afariki Rozalia anamtunza kabatini, kamfunga kitenge, kila Majilio anampaka mafuta. Na kila mwaka parokia inaandamana na yule wa plastiki wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, na Rozalia anapiga vigelegele kama wengine. Akirudi nyumbani haongei mpaka kesho yake.

Wakati wa chakula nimeapa. Mwaka huu utambeba wewe! Rozalia akasema nisiape mbele ya ugali. Halafu akaniongezea mboga. Ameguswa huyo.

Mimi ni katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Kwa kazi ni mwandishi wa mabango. Nusu ya mabango ya hapa Kihesa, Iringa, ni mkono wangu. Mtu kama mimi atashindwaje na kibanda cha nyasi?

Tatizo: nyumba yetu iko uchochoroni. Anayepita ni kuku wa jirani. Suluhisho: uwanja wa mbele wa ofisi ya serikali ya mtaa. Njia panda! Taa ya barabarani juu yake! Na bango la ofisi ile niliandika mimi, kwa hiyo pale ni kama pangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Ofisi imefungwa. Nafasi nzuri ya kupima uwanja bila maswali. Nikaenda na kamba. Nikamkuta Obeid, naye ana kamba!

Obeid ni jirani yangu, Mlutheri, kiongozi wa kwaya yao. Mtu mwema mbele za watu. Kila Desemba anasimamisha mti wa Krismasi getini kwake, paini nzima kutoka Mufindi, na taa za kuwaka na kuzima mpaka unapata kizunguzungu. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kupiga picha. Kwangu amewahi kupiga picha mtu mmoja tu, na alikuwa anapiga mita ya maji.

Nikamsalimia, kamwene. Akaitikia, kamwene. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hapimi kitu, anamtafuta mbuzi wake.

Obeid hana mbuzi. Hajawahi kuwa na mbuzi. Nikamwambia basi nitamsaidia. Tukamtafuta yule mbuzi pamoja, kwa heshima, kila mtu na kamba yake, kisha tukaagana na kutumiana salamu kwa wake zetu.

Jumanne, 10 Desemba

Asubuhi na mapema, ofisini. Obeid anatoka, uso umemshuka. Nikafurahi mapema mno.

Mtendaji wetu ni Bi. Eveline, mwenyeji wa Tukuyu, mama mpole mwenye macho ya mwalimu wa zamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, dalili mbaya siku zote. Kisha akasema serikali haina dini. Watu wake wanazo na wako huru nazo. Lakini uwanja ni wa wote: wa Mkatoliki, wa Mlutheri, wa Mwislamu, na wa yule mzee wa kona ya pili anayesema anaamini mvua tu. Akiweka la mmoja, mwingine akija kugongewa mhuri atajiona mgeni.

Nikamwambia mbona Krismasi ni sikukuu ya kitaifa. Akasema ndiyo, serikali imenipa siku nzima nipumzike kwangu, basi nipumzike. Nikamkumbusha kuwa bango la ofisi niliandika mimi. Akasema analijua, ndiyo maana neno "Mtaa" linapanda mlima. Hilo halikuwa na ulazima.

Mlangoni nikageuka. Nikauliza kwa unyonge, sasa uwanja huo una kazi gani? Akasema ni wa elimu kwa umma. Kilimo, mifugo, afya ya mama na mtoto, mambo kama hayo.

Nimerudi nyumbani mbio. Viatu vimejaa matope na sikuona.

Jumatano, 11 Desemba

Nimewaza mpaka chai imepoa. Hebu tuangalie. Pangoni kuna nini? Kuna mama na mtoto mchanga. Afya! Kuna ng'ombe, punda na kondoo. Mifugo! Kuna wageni kutoka mashariki wenye dhahabu. Madini na uwekezaji! Na Yosefu alisafiri na mjamzito kwa sababu gani? Sensa! Hakuna kitu pangoni kisichokuwa na wizara.

Nimepeleka maombi: Maonesho ya Elimu kwa Umma, Mama, Mtoto na Mifugo. Bi. Eveline akayasoma, akanitazama, akayasoma tena. Akauliza huyo mama ana jina? Nikasema hatutaji majina, siri ya mgonjwa. Akafumba macho kidogo kama mtu anayesikia jino.

Amekubali! Sharti lake ni moja: kilichoandikwa kwenye bango ndicho kiwe uwanjani. Siku nitakapoliita pango kwa mdomo wangu, linaondoka. Na wataalamu wa mifugo na afya watapita kukagua, kama wanavyokagua maonesho yote. Wakague tu. Nina nini cha kuficha?

Rozalia nimemweleza. Akauliza, yaani ili Mtoto Yesu apate nafasi inabidi tumkane? Nikasema si kumkana, ni kutomtaja tu. Akasema hata Petro alianzia hapo hapo. Wanawake wanakariri Maandiko kwa ajili ya waume zao.

Ijumaa, 13 Desemba

Chimala, huko Usangu mkoani Mbeya. Kutafuta punda. Iringa mjini punda hapatikani, ila wa miguu miwili. Kule Usangu Wasukuma wanao.

Nimempata Magesa, mfugaji, aliyeletwa Usangu na wazazi wake akiwa mdogo, nyuma ya ng'ombe. Punda wake anaitwa Bahati. Magesa akauliza punda wake atakwenda kufanya kazi gani. Nikasema kusimama. Akacheka sana. Akasema tangu azaliwe hajaona punda anaazimwa akasimame. Nikamwambia ni maonesho ya mifugo, ya serikali. Akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Akasema kama ni maonesho basi kuna mshindi, na Bahati hawezi kwenda kushindana peke yake.

Tumerudi na lori la mchele. Dereva alisema mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, akamchagua Magesa. Mimi nyuma na Bahati. Makambako baridi ilinipiga mpaka masikio yakapotea. Bahati alikula kofia yangu.

Jumapili, 15 Desemba

Limesimama! Mianzi, nyasi, na paa limelala upande kidogo, lakini Bethlehemu nako hakukuwa na fundi. Wanajumuiya walifanya kazi kwa moyo baada ya kusikia kuna ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kabla ya kusikia walikuwa na mafua.

Masanamu nimeyaazima kwenye maduka ya nguo ya mjini. Mama ana kope ndefu na kucha nyekundu, lakini kitenge kimemstiri. Yosefu alikuja hana kichwa, nimemwekea kibuyu nilichokichora uso. Ng'ombe ni wa shemeji yangu, kaka yake Rozalia, ametoa kwa siku chache tu na kwa masharti.

Bango ndilo limetoka vizuri kuliko vyote. MAMA MJAMZITO, WAHI KLINIKI. Herufi nyekundu, zimenyooka, Bi. Eveline aone. Hori nimeijaza majani tu. Ndiyo desturi yetu: Mtoto halazwi mpaka mkesha.

Rozalia alikuja jioni, akasimama mbele ya bango muda mrefu. Akauliza Mtoto wa baba yake atalala chini ya maneno hayo? Nikasema herufi nitazifunika siku hiyo kwa maua. Akaokota nyasi zilizoanguka, akazirudisha juu ya paa moja moja.

Jumanne, 17 Desemba

Bwana mifugo. Anaitwa Jailos, kijana wa mabuti. Akadai kibali cha kumsafirisha punda kutoka mkoa wa Mbeya. Magesa akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kibali, na cheti cha chanjo, na picha ya Bahati akiwa mdogo. Jailos akampa mkono.

Kisha akamgeukia ng'ombe wa shemeji. Iko wapi hereni yake ya utambuzi? Nikasema ng'ombe wetu hapendi mapambo. Jailos hakucheka. Ng'ombe asiye na hereni hajulikani katoka wapi, kwa hiyo haondoki hapo alipo mpaka achunguzwe, na uchunguzi ni baada ya sikukuu, na lazima awe na mwangalizi muda wote. Karantini! Katikati ya pango! Samahani, katikati ya maonesho.

Akasema anahitaji mtu wa kumwandikia bango la karantini. Nimeandika mimi. Kazi ni kazi.

Shemeji amekuja akiwa mwekundu wa hasira. Anataka maziwa yake. Sasa anakuja kukamua pale pale uwanjani asubuhi na jioni, na watu wanajipanga kumtazama. Ananisalimia kwa kidevu.

Jumatano, 18 Desemba

Nesi Faustina wa kituo cha afya. Nilidhani mama mnene anayecheka hivyo ni rafiki. Alicheka mpaka alipofika pangoni.

Akashika kiuno. Akauliza huyu mama amejifungulia wapi. Nikasema hapa. Kwenye zizi? Nikasema ndiyo. Pembeni ya ng'ombe mwenye karantini? Mkunga yuko wapi? Nikamwonyesha Yosefu. Akamtazama kibuyu usoni, akasema miaka yote anahangaika kuwaambia watu wasijifungulie majumbani, na mimi nakuja kuwafundisha zizini, na juu nimeandika wahi kliniki!

Na mtoto je? Hori tupu! Akasema kuna mama ameshapita kituoni kumuuliza kwa huzuni kama yule mtoto wa pale ofisini alifariki.

Ameagiza: chandarua juu ya mama. Ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Kadi ya kliniki. Na mtoto awepo kesho, la sivyo anamwambia Bi. Eveline aondoe kila kitu.

Nikamwendea Rozalia. Anipe Mtoto siku chache tu. Akasema hapana. Baba yake hakuwahi kumlaza kabla ya mkesha, hata mwaka aliokuwa mgonjwa alisubiri. Nikapiga magoti. Akasema vizuri, nikiwa huko huko chini nisali.

Alhamisi, 19 Desemba

Faustina ametuazima mtoto wa kufundishia wakunga. Mpira, mkubwa, macho wazi, na kitovu kirefu kinachochomolewa na kurudishwa. Amemlaza horini mwenyewe. Tazama sasa pango langu! Mama chini ya chandarua, Yosefu kasimamishwa kwenye ndoo kama askari, mamajusi wanatakiwa kunawa kabla ya kusogea. Nyota nimeiacha. Nyota haina wizara, lakini hakuna aliyeuliza.

Halafu Obeid! Nyoka! Amekwenda kwa Bi. Eveline kuomba uwanja kwa ajili ya Maonesho ya Misitu, Panda Mti Tunza Mazingira. Ameiba akili yangu hadharani! Nikaingia ofisini kulalamika. Nikasema mama, ule ni mti wa Krismasi, kila mtu anajua. Bi. Eveline akasema kwa upole kwamba kama ule ni mti wa Krismasi, basi na kile changu itabidi tukiite jina lake. Nikasema kwa kweli ni paini nzuri, kwa mbao.

Ameusimamisha mbele ya pango langu. Kutoka barabarani unaona mti, taa, na mkia wa Bahati.

Jumamosi, 21 Desemba

Umati! Lakini si wangu. Faustina kaleta mzani, anapima watoto uwanjani. Kina mama wamejaa mpaka njia panda. Magesa ni maarufu. Watoto wanampanda Bahati, na Magesa anaeleza mambo ya kwato kwa sauti ya mkuu wa chuo. Kila jioni ananiuliza majaji wanakuja lini. Namwambia karibu.

Kwaya ya Obeid imekuja kufanya mazoezi chini ya mti. Bi. Eveline akatoka: nyimbo za dini hapana. Wakanong'ona, wakaanza tena, sauti ile ile ya Krismasi, sauti nne, maneno ni kupanda miti na kuacha kuchoma misitu. Ubeti wa tatu ulihusu nyuki. Walutheri wanaimba vizuri, Mungu anisamehe. Rozalia aliyekuja kuniletea chakula alisimama akasikiliza mpaka viazi vikapoa.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku nyeusi. Naandika ili yapite.

Padri Lutengano alikuja na wazee wa parokia kukagua mapango. Walianza na la Mtakatifu Anna, kisha wakavuka barabara kuja kwangu. Nilikuwa nimevaa suti. Magesa naye alisimama wima, Bahati ameoshwa, akidhani majaji hatimaye wamefika. Padri akauzunguka mti wa Obeid. Akasoma bango. Akasoma bango la karantini. Akanawa mikono, maana Faustina alimwelekeza. Akainua chandarua. Akamwona yule mtoto wa mpira, macho wazi, kitovu kimechomoka.

Kisha akaniuliza, kwa upole ule unaoumiza kuliko kofi: Liberatus, hili ni pango la Mkombozi au ni kliniki?

Ndipo nilipomwona Bi. Eveline. Kasimama mlangoni pa ofisi, mikono kifuani, anasikiliza. Nikisema pango, linabomolewa. Nikisema kliniki, tumeshindwa. Jasho likanitoka kwenye baridi ya Iringa. Wote wananitazama, pamoja na Bahati.

Nikasema: inategemea nani anauliza.

Wazee wa parokia wakacheka mpaka mmoja akashika mwanzi, na paa lililokuwa limelala upande likalala kabisa. Padri hakucheka. Akasema jumuiya yetu imeondolewa kwenye mashindano, na Mtoto wa maandamano atakuwa wa Mtakatifu Anna, kama miaka yote. Bi. Eveline naye akasema jibu langu amelisikia, na kesho jioni uwanja uwe mweupe, wangu na wa Obeid pia. Ng'ombe tu abaki, kwa kuwa huyo ana bango lake.

Magesa akaniuliza Bahati ameshika nafasi ya ngapi. Nikamwambia wa kwanza kwa punda. Angalau hilo ni kweli.

Nyumbani Rozalia aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Niliona ameweka kitenge kipya juu ya kabati, kile alichokinunua kwa ajili ya kumbebea Mtoto. Nimeumia. Nasema ukweli, nimeumia.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika nikiwa uwanjani, nimekalia ndoo ya kunawia.

Jioni nilikuwa nabomoa. Obeid naye anashusha mti wake. Alinishikia ngazi na mimi nikamshikia paini. Ng'ombe anatafuna. Barabarani watu wameanza kwenda kwenye ibada za mkesha.

Nikamwona Rozalia anakuja. Amevaa kitenge kipya, amembeba Mtoto kifuani, wazi, bila kumficha. Nikamkimbilia. Nikamwambia mama, tumeondolewa, huwezi kuandamana. Akasema haandamani. Yeye ni mtu anatembea barabarani, anakwenda kusali, na amebeba kitu cha baba yake. Nani anamzuia mtu kutembea?

Wale kina mama wa kliniki walikuwepo barazani pa ofisi, mvua ya alasiri ndiyo kwanza imekatika. Wakamwona. Mmoja akapiga kigelegele. Wakafunga watoto migongoni, wakamfuata. Magesa akavua kofia, akamfungua Bahati amwombe Rozalia ampande. Rozalia akakataa kwa kucheka, lakini Bahati akamfuata vivyo hivyo. Obeid akanitazama, akaachia mti. Kanisa lao liko njia hiyo hiyo, akasema, hawana njia nyingine. Akawaita wanakwaya wake na wakaimba, safari hii na maneno yenyewe. Hakuna nyuki.

Bi. Eveline akatoka akifunga ofisi. Nikajiandaa kwa makofi ya maneno. Akapita mbele yangu, Biblia kwapani, anaimba sauti ya pili! Nikamwambia mtendaji, si serikali haina dini? Akasema haina, na imeshafunga kufuli. Huyu aliyebaki anaitwa Eveline, Mmoravian wa kuzaliwa, na anachelewa ibada.

Wakaondoka wote. Nikachukua koti niwafuate. Shemeji, aliyekuwa amemaliza kukamua, akanishika mkono. Jailos alisema nini? Mwangalizi awepo muda wote, na Magesa aliyekuwa akilala hapa ameshaondoka. Yeye anakwenda kanisani na dada yake, na bango la karantini lina mkono wa nani?

Kwa hiyo niko hapa. Mimi, ng'ombe, na Yosefu wa kibuyu. Nimezisikia sauti zikishuka barabarani mpaka zikawa ndogo. Niliapa mwaka huu atambeba, na akimbeba mimi sipo. Nimelia kidogo. Ng'ombe amenilamba sikio.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Magesa ndiye aliyenisimulia, maana Rozalia kila akianza anashindwa kuendelea.

Kumbe walipofika kanisani, Walutheri waliaga mlangoni wakaendelea na safari yao. Maandamano yalikuwa yanapangwa. Mama wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna alikuwa mbele na Mtoto wake wa plastiki. Akamwona Rozalia, na mninga ule unang'aa kwa mafuta, na umati nyuma, na punda. Akamwendea. Akasema dada, wangu anatoka dukani, wako anatoka kwa baba. Akamsogeza mbele yake. Padri Lutengano akatazama, akasema haya twendeni.

Rozalia akambeba mpaka altareni. Magesa anasema alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji asimwage. Bahati alibaki mlangoni, hakuingia, ingawa hakuna aliyemkataza.

Nimekula wali na kuku pale pale uwanjani, Rozalia kaniletea. Akakaa karibu yangu kwenye majani. Nikamwambia unaona? Nilisema mwaka huu utambeba wewe! Akanitazama sana. Akasema Liberatus, mwakani kaa nyumbani. Nikasema ndiyo, mama. Akanifuta nyasi begani. Siku nzuri kuliko zote za mwaka, pamoja na kinyesi.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimetafakari kwa utulivu. Nani alileta punda? Mimi. Nani aliwakusanya kina mama? Kliniki, na kliniki ililetwa na nani? Nani alimfanya Obeid aje na kwaya yake uwanjani? Wivu juu ya nani? Kwa hiyo mpango wangu ulifanya kazi kama nilivyoupanga, ila mimi sikuwa nimeuelewa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndiyo, lakini mimi nimeshinda, kwa hiyo hainihusu.

Rozalia alisema mwakani nikae nyumbani. Nimelipima neno hilo. Mwakani ni pamoja na Pasaka, au alimaanisha Krismasi? Nadhani alimaanisha Krismasi.

Jumapili ya Matawi: mtu juu ya punda anaingia mjini kwa utulivu. Usalama barabarani! Nitamvalisha kofia ngumu. Karamu ya mwisho: lishe bora, na kunawa miguu nako ni usafi. Kaburi la kuazima kwa mtu: migogoro ya viwanja! Bi. Eveline atakubali tu, hayo yote yana wizara. Magesa yuko tayari, anadai Bahati lazima atetee ubingwa wake. Bango nimeshalianza.

Kilichobaki ni jiwe kubwa la mlangoni pa kaburi. Jioni Jailos amekuja kumtazama ng'ombe, nikamwomba anishikie zamu kidogo, nikapanda kilima cha Gangilonga kuangalia mawe. Nimemkuta Obeid, amezungusha kamba kwenye jiwe.

Anasema anamtafuta yule mbuzi.